Zamu ya Kutoa Pole

Nianze na upumbavu wangu, maana ndio mkubwa kuliko vingine vyote nilivyo navyo. Sehemu kubwa ya mvua za mwaka jana niliimaliza mezani nikisogeza punje za mpunga juu ya karatasi, nikitafuta sababu ya jirani yangu kutokuja kuniona, wakati uzio wa matete ulio kati yetu una tundu ambalo hata mbuzi mwenye mimba anapita bila shida. Ningeweza kumwita. Angeitika kabla sijamaliza kuita. Badala yake nilimchora.

Wanaonijua hapa Kasongo hawatashangaa. Wenzangu tuliomaliza nao sekondari walitawanyika: wengine wako Salamabila kwenye mashimo ya dhahabu, wengine wanauza vitu, mmoja anafundisha. Mimi nilibaki na kiti. Watu wakitaka kunichokoza wananiambia konokono ni afadhali, yeye angalau anatembea na nyumba yake. Kiti changu kiko dirishani. Pano ya jua iko juu ya mabati, waya unashuka mpaka kwenye batri ya gari, na batri inalisha ordinatere, kompyuta ambayo herufi ya A imeng'oka, kwa hiyo nikiandika neno "baba" kidole kinaumia mara mbili. Nawapigia watu barua za kuomba kazi na matangazo ya harusi. Hiyo ndiyo kazi wanayoielewa. Nyingine, ile inayowafanya wanitazame kwa huruma, ni kuandika programu za telefone.

Niliyajifunza hayo peke yangu, kutoka kwenye somo la Kifaransa ambalo mtu aliniwekea ndani ya kadi ya telefone. Kurasa zenye hesabu za herufi za Kigiriki niliziruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Lakini kulikuwa na sehemu moja iliyonishika, ya kuchora programu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Unachora viduara, kila kiduara ni hali: "anangoja", "ameshika", "amemaliza". Kati ya viduara unachora vijiti, na kila kijiti ni mlango. Kisha unaweka punje kwenye viduara. Mlango haufunguki mpaka kila kiduara kinachoingia kwake kiwe na punje. Ukifunguka, unazila punje zile na kutema nyingine upande wa pili. Unacheza hivyo, mlango kwa mlango, unaona programu inakwenda wapi kabla hujaiandika. Somo lilisema utumie kalamu. Mimi nilitumia mpunga, kwa sababu kalamu inachafua karatasi na karatasi haipatikani bure.

Ubaya wa programu mbili zinazokwenda pamoja ni kwamba kila moja, ukiitazama peke yake, haina kosa lolote. Kosa haliko ndani ya hii wala ndani ya ile. Liko kati yao, mahali ambapo hakuna mtu ameandika kitu.

Akina mama wenye mashini ya kukoboa mpunga waliniomba niwatengenezee programu ya zamu, telefone moja iwe kwenye mizani, nyingine kwenye mashini. Niliitengeneza, nikajisifu, na siku ya sokoni ikakwama. Telefone zote mbili zikaandika "Subiri", zikasubiri, na watu wakakaa juu ya magunia yao wakinitukana kwa adabu. Nilirudi nyumbani, nikachora, nikamwaga punje, nikaliona. Mwenye mpunga mbichi alishika mizani na hakuiachia mpaka apate mashini. Mwenye mchele uliokobolewa alishika mashini na hakuiachia mpaka apate mizani. Kila mmoja alikuwa na haki. Nikaweka sheria kwamba anayeingia asiyepata vyote viwili asishike hata kimoja, nikasogeza punje mpaka macho yakauma, na hazikukwama tena. Mama prezidente wa chama chao alinipa sahani ya mchele na akasema sasa ninaweza kuoa.

Jirani yangu alicheka sana aliposikia hilo. Yeye ni mkubwa kwangu, namwita yaya, ananiita mudogo. Mke wake alifariki zamani. Anapeleka mchele na samaki wakavu Salamabila kwa moto, yaani pikipiki ya kukodi, anarudi na nguo na sabuni. Akiwa Kasongo, kila jioni baada ya sala ya magharibi alikuwa anapita kwenye lile tundu na chai yake ndani ya thermos na kiti chake mkononi, kwa sababu viti vyangu hakuviamini. Alikuwa anakaa, anafungua redio, ananiuliza ordinatere imeshapata mimba au bado. Mimi namjibu, yeye anacheka, redio inasema mambo ya Kinshasa ambayo hayatuhusu. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu. Kabla ya hapo hakukuwa na siku, kulikuwa na mwanga tu.

Binti yake aliyeolewa Salamabila alikuwa anamvuta ahamie kwake. Alikuwa akimwambia kila safari kwamba umri unakwenda, barabara ni mbaya, na chumba kiko tayari. Yeye alikuwa anamjibu kwamba hawezi, kwa sababu akiondoka mimi nitaota ukungu. Alinisimulia jibu hilo kama mzaha. Nililiweka moyoni kama mkataba.

Halafu yaya akaenda safari moja, na nyuma yake ikaja habari kutoka Wamaza kwamba mama mdogo amekufa. Ni yeye aliyenilea. Nilipanda moto, mimi ambaye kwenda sokoni ni safari, nikafika nimelowa, tukamzika, nikakaa matangani na wajomba, nikarudi.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze. Mama mdogo alinifundisha kwamba mtu aliyetoka kuzika hapiti kwenye milango ya watu. Unakaa kwako. Anayekuwa karibu nawe kuliko wote ndiye anakuja, anakupa pole, anakula nawe, kisha anakushika mkono anakutoa mpaka barabarani. Baada ya hapo unaweza kwenda unakotaka. Ukitangulia wewe, unapeleka kifo kwenye nyumba ya mtu. Kwangu mimi wa kunitoa alikuwa mmoja tu, na alikuwa Salamabila. Nikangoja.

Akaletwa. Nasema akaletwa kwa sababu nilisikia moto ukizima upande wa pili wa uzio, na sauti ya dereva ikiuliza amshushe wapi. Alikuwa ameanguka kwenye matope njiani. Nilisikia wanasema mguu, nikafikiri amechubuka, wafanyabiashara wa njia ile wamezoea kuchubuka. Nikasema moyoni: kesho atakuja kunitoa.

Hakuja kesho, wala siku iliyofuata. Kilichokuja ni sauti ya redio yake, ambayo sasa ilikuwa inasikika kuliko zamani. Zamani tuliisikiliza wawili kwa sauti ya chini. Sasa aliifungua mpaka mwisho, na mimi niliyasikia mambo yote ya Kinshasa peke yangu, kupitia matete. Niliona ni dharau. Mtu ana nguvu za kupandisha redio, hana nguvu za kuvuka uzio?

Siku moja nilipokuwa nimekaa hivyo ndipo nilipokumbuka jambo la kwao. Yaya si wa kabila letu, na aliwahi kuniambia kwamba kwao mtu aliyeangushwa na njia hatoki nyumbani mpaka majirani waje kumpa pole. Jirani wa kwanza akishaingia, njia imemwachia. Kabla ya hapo akitoka anaifuata tena ile ajali. Aliniambia hilo akicheka, lakini nilijua kwamba analishika.

Nilihisi baridi ya furaha, na ninaona aibu kuiandika. Niliijua hali hii. Ilikuwa mizani na mashini.

Nilichukua karatasi. Kiduara: "Mimi nangoja kutolewa." Kiduara: "Yaya anangoja pole." Punje moja hapa, punje moja pale. Mlango wa "Yaya anakuja kunitoa" unahitaji punje kwenye "Yaya amepewa pole". Mlango wa "Naenda kumpa yaya pole" unahitaji punje kwenye "Mimi nimetolewa". Nikatazama milango yote. Hakuna uliofunguka. Punje zilikuwa mbili, zimekaa kila moja kwenye duara lake, na mchoro ulikuwa mzuri. Hakuna aliyekosa. Nilikuwa nimepata ushahidi kamili kwamba sina kosa, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Nikaanza kuutibu. Somo lilisema unaweza kuongeza wa tatu, ambaye hangojei chochote. Nikachora kiduara cha tatu, nikafikiria nani aingie. Mama prezidente? Ana mashini yake na watoto wake, na hatujawahi kuongea jambo lisilo la kukoboa. Wajomba wa Wamaza hawajui hata nyumba yangu ilipo. Mtu ambaye angetugombeza wote wawili na kutusukuma kwenye tundu la uzio alikuwa mama mdogo. Niliweka punje kwenye kiduara chake. Milango ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine: yeye anampa yaya pole, yaya anakuja kunitoa, mimi natoka, kazi imekwisha. Nilicheza mchezo huo mara kadhaa. Halafu nikaitoa ile punje, kwa sababu mchoro lazima ufanane na hali ilivyo, na mchoro ukafa tena.

Siku hizo mvua zilikuwa haziachi, hakuna aliyekuja kupigiwa barua. Niliongea na ordinatere, kisha nikagundua ninaiambia "wewe" kama mtu, nikanyamaza. Nilipika ugali wa mtu mmoja, ambao ni mgumu kupika kuliko wa watu kumi. Unaonekana mdogo kwenye sufuria, na kesho yake bado upo.

Dawa nyingine ya somo ilikuwa uchovu. Kila programu inapewa mlango wa kuchoka: ukingoja sana, unaacha kungoja, unakwenda mwenyewe. Hapo niliacha punje, nikaiandika kwenye ordinatere ili icheze yenyewe haraka, mara nyingi, kwa bahati nasibu. Nikampa yaya mlango wa kuchoka, na mimi nikajipa wangu. Nikaacha ikacheza nikichemsha maji.

Mara nyingi ilikuwa vizuri. Lakini kulikuwa na michezo ambamo tunachoka pamoja. Mimi nazunguka kwa barabara, kwa heshima, kama mtu anayekwenda kutoa pole. Yeye anapita kwenye tundu kama alivyozoea. Mimi nakuta nyumba yake tupu, yeye anakuta yangu tupu. Kila mmoja anarudi kwake na kidonda kipya: mwenzangu anatembea mjini, kwangu hafiki. Baada ya hapo ordinatere ilituonyesha tumekaa tena, tunangoja, na safari hii hata kuchoka kunachelewa.

Mtu mwenye akili angeona hapo kwamba basi apite kwenye tundu. Mimi niliona kwamba tatizo ni wakati. Somo lilisema, programu mbili zinazogongana zisirudi pamoja, kila moja ivute namba yake kwa bahati, ingoje kulingana na namba hiyo. Nikaiambia ordinatere inivutie siku. Ikavuta, ikasema kesho kutwa jioni. Niliridhika kabisa. Nilifua shati.

Kesho yake, mchana, mvua ilipopumzika, nilisikia kitu upande wa uzio. Fimbo, kisha mguu, kisha kimya. Fimbo, mguu, kimya. Kikaja mpaka kwenye tundu, kikasimama. Niliona kivuli kwenye matete. Akakohoa kile kikohozi chake cha kuomba kuitwa.

Alikuwa amevunja jambo la kwao, na alikuwa karibu kutimiza la kwetu, alibakiza hatua. Alihitaji neno moja tu. Mimi nilikuwa kwenye kiti, dirisha liko wazi, na nilifikiri hivi, neno kwa neno: leo si siku yake. Nikikohoa sasa, nimeharibu mpangilio. Nilibaki nimetulia kama mwizi. Yaya akakohoa tena. Kisha fimbo ikageuka, na safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kuja. Redio haikufunguliwa jioni hiyo. Nilikaa nikiusikiliza ukimya ule, na ndipo kwa mara ya kwanza nikafikiri juu ya fimbo. Kwenye mchoro wangu nilikuwa nimempa yaya miguu kama yangu.

Asubuhi alikuja mama prezidente kuniletea telefone ya mizani, kioo kimepasuka. Wakati naitazama akaniambia, kama mtu anayesema habari ya mvua, kwamba jirani yangu amemwomba nafasi kwenye mzigo wao unaokwenda Salamabila, apeleke kitanda na godoro. Binti yake ameshafika kumchukua. Akaniuliza kama tumegombana. Nikamwambia hapana, hatujagombana hata kidogo, ninaweza kumwonyesha. Akatazama meza, akaona punje, akasema mpunga huo una wadudu.

Sikungoja jioni. Sikuvaa hata lile shati. Nilipita kwenye tundu, matete yakanikwangua sikio.

Yaya alikuwa kwenye kibaraza, kwenye kile kiti chake, mguu umenyooshwa juu ya kinu kilicholazwa, umefungwa vijiti na vitambaa mpaka juu ya goti. Ulikuwa umevimba kama si wake. Binti yake alikuwa anakunja mashuka, akanisalimia kwa heshima na akarudi kwenye mashuka. Nilifungua mdomo nimpe pole, na yaya akafungua mdomo anipe pole, zikatoka pamoja, zikagongana. Tukanyamaza wote, kila mmoja akimwachia mwenzake. Tukangoja. Tukaanza tena pamoja. Binti yake akacheka ndani ya shuka, na yaya naye akatabasamu kidogo upande mmoja.

Nikamwambia pole ya mguu. Akaniambia pole ya mama. Akaniuliza alikufaje, nikamweleza, nikaona macho yake yamejaa, naye alimwona mama mdogo mara mbili tu maishani. Akasema alipata habari hizo njiani, kabla hajaanguka, na kwamba alikuwa anamkimbiza dereva afike upesi kwa ajili yangu.

Ndipo nikafanya kile ninachokijua. Nikamweleza mchoro. Viduara, milango, jambo la kwetu, jambo la kwao, jinsi kila mmoja alivyokuwa na haki, jinsi ambavyo tungeweza kupishana, jinsi nilivyovuta siku. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza kule kupishana kungekuwaje, nikamwonyesha kwa vidole. Akasema ni kweli, ingeweza kuwa hivyo. Akauliza jana mchana nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa kwenye kiti. Akauliza kama nilimsikia. Nikasema ndiyo.

Binti yake aliacha kukunja.

Nikamwomba abaki. Nilimwambia nitahamisha ordinatere kibarazani kwake, nitampikia mimi, nitapanua tundu liwe mlango. Nilisema maneno mengi kuliko niliyokuwa nimesema tangu Wamaza. Yeye alinyoosha mkono, nikafikiri anataka fimbo, kumbe ananishika mkono wangu. Akajiinua kwa kunitegemea, uzito wake wote, tukaenda polepole mimi na yeye, tukapita kando ya godoro lililofungwa kamba, mpaka barabarani. Akasimama pale, akahema. Watu walipita na baiskeli zao wakatusalimia. Nilikuwa nimetolewa.

Nikamwuliza tena, kwa sauti ya chini sasa, kama atabaki. Alitazama barabara, kisha nyumba yangu, kisha mimi.

"Minaenda, mudogo. Weye uko mutu muzuri, lakini kando ya weye mutu anaweza kufa hapa ku uzio, na weye utajua tu ku harufu."